Mpini wa Katani

Mpini ulikatika Jumatano mchana, na kabla jua halijatua Bigwa yote ilikuwa imejaa wataalamu wa kriketi. Watu waliokuwa wakiuita mchezo ule rede ya wenye vibao sasa walisimama dukani wakionyesha kwa mikono jinsi kibao kilivyochomoka, kilivyopaa, na kilivyompata Magreth mdomoni alipokuwa amechuchumaa nyuma ya vijiti akisubiri kudaka mpira. Wengine walisema ameng'oka meno manne. Yalikuwa mawili, ya mbele, ya juu, na kwa msichana wa kidato cha tatu mawili yanatosha kabisa.

Aliyekuwa anapiga ni rafiki yake wa nyumba ya pili, Yasmin. Aliyetengeneza mpini ni baba yake Yasmin, fundi Twalibu.

Twalibu alikuwa akipiga randa mlango wa mteja Yasmin alipoingia bandani na sare yenye damu isiyokuwa yake. Mkono mmoja ulikuwa bado umeng'ang'ania kipande cha mpini, mwingine umebeba ubao.

"Umekatikia wapi?" Twalibu aliuliza.

Maneno yalipomtoka alijichukia. Mtu mwenye akili angeuliza kwanza nani kaumia. Yasmin alimtazama kana kwamba hamjui, akaviweka vipande vyote viwili juu ya meza ya randa na kusema, "Magreth ameng'oka meno, baba. Mwalimu Winfrida kafungia vibao vyote stoo. Kasema havitoki mpaka ijulikane kwa nini."

Vibao hivyo vilikuwa zawadi ya wageni, na vilipofika shuleni ubao ulikuwa mzima lakini mipini imeoza. Mwalimu Winfrida alivileta kwa Twalibu kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine aliyekubali. Yeye alikubali haraka mno, kama kawaida yake. Alipasua mianzi ya mlimani vipande vyembamba, akavibana pamoja, akavizungushia katani iliyoloweshwa gundi ya faiba, ile inayotumika kuziba bampa za magari, kisha akavika mpira wa tyubu ya baiskeli. Mipini ya kwanza ilishika masika nzima. Wasichana walipiga mipira ikavuka barabara, na Twalibu akaanza kutembea mtaani taratibu kidogo ili watu wapate nafasi ya kumwita fundi wa kriketi.

Sasa alikigeuza kipande kile huku na huku, na hakuona chochote.

*

Jioni walikwenda kutoa pole, Twalibu, mkewe Pili na Yasmin, na jogoo aliyefungwa miguu.

Tomasi, baba yake Magreth, alitoka mlangoni akiwa bado na ovaroli ya kiwandani. Aliwaonyesha benchi la nje, chini ya upenu, ingawa manyunyu yalikuwa yameanza na benchi lilikuwa limelowa. Miaka yote Pili alikuwa akiingia nyumba ile mpaka jikoni bila kubisha hodi. Aliketi juu ya maji.

"Ndani kuna mgonjwa," Tomasi alisema.

"Hapa panatosha, jirani," Twalibu alijibu.

"Baba Yasmin, mimi na wewe tumekula Idi pamoja na Krismasi pamoja. Sitakupeleka popote. Nataka kujua kitu kimoja tu. Kwa nini kimekatika?"

"Bado sijui."

"Hujui." Tomasi aliitikia kwa kichwa polepole. "Kwa hiyo ulimpa mtoto kitu usichokijua, na wangu ndiye akasimama nyuma yake."

Sauti ya Angelina, mama yake Magreth, ilitoka dirishani bila mwenyewe kuonekana. "Muulize mwanangu atacheka vipi. Muulize hilo tu."

Pazia la mlangoni lilitikisika, Yasmin akainuka nusu, lakini aliyekuwa nyuma ya pazia akarudi ndani. Walipoaga, jogoo alibaki pale pale kizingitini. Hakuna aliyemchukua, na hakuna aliyesema wamrudishe. Yasmin alilia njia nzima, na njia yenyewe ilikuwa fupi.

*

Habari ilipanda mlima na kufika Kinole kwa kaka yake Pili. Mzee Abasi alishuka kesho yake kwa bodaboda, kikapu cha ndizi mapajani.

Twalibu alimwogopa shemeji yake, na alikuwa na sababu. Kiwanja kile cha Bigwa, nyumba, banda na mgomba wa nyuma, vilikuwa mali ya lukolo, ukoo wa mama yake Pili. Kwa Waluguru ardhi hupita kwa wanawake, na anayeisemea ni mjomba. Twalibu alikuja pale na msumeno wake kutoka Turiani, akaoa, akapewa mahali pa kusimika jiliwa lake la kubania mbao. Alikuwa mume mwema na mgeni wa kudumu, na siku zote aliyajua yote mawili.

"Shikamoo mjomba," Yasmin alisema.

"Marahaba, mama." Alimwita mama kwa sababu Yasmin alichukua jina la pili la bibi yake. Kisha akamgeukia Twalibu. "Shemeji, nimeshushwa mlima na aibu. Njiani naulizwa, Mzee Abasi, hivi ni kweli kwenu mnatengeneza vitu vya kung'oa watoto meno?"

"Ilikuwa ajali, shemeji."

"Ajali ina sababu. Milango na vitanda sikukatazi, hivyo watu wanavijua. Hiki cha vibao sikijui, na ukoo haukijui. Jumapili nitarudi, na nitawaita hao majirani. Mbele yao utanieleza kwa nini mpini ulikatika. Ukinieleza nikaelewa, endelea. Ukiniambia hujui, hilo banda tunalishusha siku hiyo hiyo, na kazi zako utazitafutia pengine."

Pili alikuwa ameshika kikombe cha chai ya kaka yake.

"Kaka, banda ndilo linatulisha."

"Ndiyo maana nimempa mpaka Jumapili," Mzee Abasi alisema, akapokea chai.

*

Tangu hapo Twalibu hakukaa. Alikuwa akianza kula anaacha, anaanza kuswali anajishtukia amesahau rakaa. Alichukua mipini miwili ya akiba iliyobaki bandani na kuibana kwenye jiliwa, mmoja baada ya mwingine, akatundika ndoo kwenye ncha na kuongeza mchanga kidogo kidogo. Wa zamani, wa wakati wa masika, ulipinda na kulalamika lakini ukabeba ndoo iliyojaa. Wa hivi karibuni ulitoa mlio mkavu kabla ndoo haijafika nusu, ukachanika. Alishika uzi mmoja wa katani kwenye jeraha lile akauvuta. Ukatoka wote, mrefu, msafi, gundi haijauganda hata kidogo.

Mianzi ilikuwa ileile, na gundi ileile. Aliuchukua mpini ule akaenda nao Msamvu kwa Lukasi, kijana anayeziba bampa, ambaye ndiye aliyemuuzia gundi.

Lukasi alikuwa amelala chini ya gari. Alitoka, akaushika mpini, akaukwaruza kwa kucha.

"Mzee, hii gundi iko poa. Ila haijashika. Hii katani uliipaka nini?"

"Sikuipaka kitu."

"Sisi hapa bampa tunaisugua kwanza na petroli. Ikiwa na mafuta hata ya kidole, umeumia. Inakauka juu juu, inang'aa, unampa mteja, anafika Mikese inamdondokea." Alicheka. "Faiba na mafuta haziivi, mzee."

Twalibu alikuwa tayari kusema kwake hakuna mafuta. Akauinua mpini puani, pale ulipochanika, na nyuma ya ukali wa gundi alikuta harufu anayoijua kuliko ya nguo zake mwenyewe. Ilikuwa nyonyo.

Aliketi juu ya tairi la Lukasi bila kuombwa.

Mipini ya masika alikuwa ameizungushia katani mbichi, kama inavyotoka shambani, na ilimkata mikono mpaka damu. Pili aliona akamhurumia. Akasema, niachie mimi nikusokotee kamba laini, hiyo si kazi ya mwanamume. Akasokota pajani, kama alivyofundishwa na mama yake Kinole, ambaye alifundishwa na mama yake, kwamba katani haisokotwi kwa kiganja kikavu. Unachovya vidole kwenye mafuta ya nyonyo, unasokota, unachovya tena, ili kamba isimng'ate mbuzi shingoni wala mtu mkononi. Kwa kamba zake Pili alisifiwa mpaka sokoni. Twalibu mwenyewe alizisifu.

Basi sababu ilikuwa imepatikana. Ilikuwa huruma ya mkewe, na ili banda lisimame ilimpasa kuitaja mbele ya kaka yake na mbele ya Angelina.

*

Alipofika nyumbani alimkuta Pili amekaa mkekani, kanga imepandishwa juu ya goti, anasokota. Kichupa cha mafuta kilikuwa pembeni yake.

"Nimeona hukai," Pili alisema. "Nikasema nikusokotee nyingine, nene zaidi. Utengeneze mpini ambao hata kaka akiukalia haukatiki."

Twalibu aliangalia vidole vikiingia kichupani na kutoka. Aliyafungua mafundo ya kamba ya kiatu ambayo hayakuhitaji kufunguliwa.

"Pumzika, mama Yasmin. Safari hii nitatumia katani hivi hivi."

"Ikukate tena?"

"Ikate tu."

"Kamba yangu ina nini?"

"Haina kitu."

"Kama haina kitu mbona huniangalii?"

Alimwangalia, lakini alikuwa amechelewa. Pili aliifunga kanga yake, akaikusanya kamba na kuisukuma kwake kwa mguu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kazi ya mikono yake. Siku ile walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Twalibu hakutaka kuitupa kamba ile. Asubuhi ya Jumamosi, Pili akiwa sokoni, aliilowesha kwenye petroli, akaifua kwa sabuni ya unga, akaianika kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka, akaondoka kwenda kutafuta hadina, dawa ya kuikausha gundi. Alidhani itakauka kabla mkewe hajarudi. Ni kosa la mwanamume ambaye hajawahi kuanika kitu.

Pili alirudi, akaiona, akaishika. Kamba yake ilikuwa imefumuka, ngumu, inanuka kituo cha mafuta. Alimwita Yasmin.

"Baba yako jana alikwenda kwa nani?"

"Kwa Lukasi wa bampa."

"Alikwambia wamesema nini?"

"Hakuniambia. Ila mimi nilimpitia Lukasi, nikamuuliza." Yasmin alitazama chini. "Kasema kulikuwa na mafuta kwenye katani."

"Na wewe umenyamaza tangu jana."

"Baba amenyamaza. Nikaona na mimi ninyamaze."

Pili alisimama palepale chini ya mashuka. Aliona aibu, kisha hasira, maana wawili hawa walikuwa wakimsitiri kama mtoto aliyejikojolea. Mwisho aliona kitu kingine kilichokuwa kibaya kuliko vyote, mdomo wa Magreth, mtoto ambaye Pili alikuwa akimsuka nywele tangu akiwa chekechea.

Alikwenda nyuma ya nyumba na fungu la katani mbichi. Hakuchukua kichupa.

Alasiri alimletea Twalibu kamba bandani. "Tumia hii," alisema. Twalibu aliinusa kabla hajakumbuka kujizuia. Haikuwa na harufu ila ya jani. Alipoinua macho Pili alikuwa amekunja viganja vyote viwili ndani ya kanga, na kanga ilikuwa na madoa. Twalibu aliizungusha kamba ile kwenye mianzi, akaipaka gundi, akauchomeka mpini kwenye ubao uleule uliompiga Magreth.

*

Jumapili, watu wa kanisani walipokwisha kurudi, Mzee Abasi aliketi kwenye kiti cha mbao mbele ya banda. Tomasi na Angelina walikuja. Magreth alikuja pia, leso mdomoni, akasimama mbali na Yasmin.

"Shemeji," Mzee Abasi alianza. "Kwa nini mpini ulikatika?"

Twalibu alikuwa amejiandaa. "Nilikosea kuchanganya hadina, shemeji. Ilikuwa ndogo. Gundi haikukauka vizuri. Ni uzembe wangu."

"Uzembe wako."

"Wangu mimi."

"Basi umejihukumu mwenyewe," Mzee Abasi alisema bila furaha. "Mtu mzembe hapewi kazi inayoweza kung'oa meno ya watoto. Leteni nyundo."

"Kaka, ngoja," Pili alisema.

Aliingia bandani akatoka na kipande cha Jumatano. Alivuta uzi mmoja ukatoka msafi, akampelekea kaka yake. "Nusa."

Mzee Abasi alinusa kwa sababu aliombwa. Akanusa tena polepole. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Hii nyonyo."

"Ndiyo."

"Hii mikono ya mama."

"Ni mikono yangu, kaka. Mama alinifundisha kamba ya mbuzi, mimi nikaipeleka kwenye kibao. Mafuta yakakataa gundi. Huyu amejua tangu juzi, na yuko tayari kubomolewa banda kuliko kunitaja. Hadina yake haikuwa na kosa."

Twalibu alisema, "Mama Yasmin," kama mtu anayemsihi.

Mzee Abasi aliuviringisha ule uzi kidoleni. Alikuwa amekuja kumhukumu mgeni, na sasa alishikilia kitu cha nyumbani kwao. Hakusema lolote kuhusu nyundo, na hakuna aliyemkumbusha.

"Kwa hiyo nani ameng'oa meno ya mwanangu?" Tomasi aliuliza.

"Mimi," Pili alisema. "Sikukusudia, lakini ni mimi."

Angelina alisogea mpaka mbele ya Pili. "Mimi sitaki banda libomolewe. Mabati yatanirudishia nini? Nasikia mmetengeneza kipya."

"Kipo."

"Nataka nikione kinapigwa. Yasmin apige. Na pale alipochuchumaa mwanangu, uchuchumae wewe."

Pili aliitikia kabla Twalibu hajafungua mdomo.

*

Walishuka mpaka uwanja wa chini, karibu na mto, na nusu ya mtaa ikafuata huku ikijifanya ina safari zake. Yasmin alichomeka vijiti vitatu ardhini. Pili alichuchumaa nyuma yavyo, kanga ameifunga kiunoni, viganja vilivyochubuka vimekaa magotini. Mwanamke mnene wa makamo, hana hata kofia. Mtu mmoja alicheka, Mzee Abasi akageuka, kicheko kikaisha.

Mpira alirusha Twalibu. Wa kwanza ulikuja laini, Yasmin akauacha upite.

"Piga," Pili alisema.

"Mama, siwezi. Ukikatika je?"

"Ukikatika utanikuta nipo. Piga kama ulivyompigia Magreth."

Wa pili aliugusa tu, ukabiringika. Angelina alikunja mikono kifuani. "Hivyo hata mimi ningepiga. Tena."

Twalibu alirusha kwa nguvu, huku akiomba moyoni maombi ambayo hakuyapanga. Yasmin alifumba macho, akayafumbua, akazungusha kibao kwa mabega yote. Mlio ulikuwa mkubwa hata ndege wa mtoni waliruka. Pili alifumba macho lakini hakusogea. Mpira ulikwenda ukapotea kwenye magugu ya ng'ambo, na mpini ulikuwa mzima mikononi mwa Yasmin.

"Tena," Angelina alisema.

Watoto walipourudisha mpira, Yasmin akapiga. "Tena." Akapiga tena, na machozi yalikuwa yakimtoka, na kila alipopiga alimwangalia mama yake kwanza. Pili aliweka mkono mmoja chini kujishikiza. Tomasi alimshika mkewe bega, mkewe akautoa mkono. "Tena," akasema, lakini safari hii sauti ilimkatikia njiani.

Ndipo Magreth alipotoka kwenye watu. Aliiondoa leso mdomoni akaifunga kifundoni mwa mkono, na kila mtu aliona pengo, jekundu bado, na yeye aliacha lionekane. Alitembea mpaka nyuma ya vijiti, akasimama juu ya Pili.

"Mama Yasmin," alisema, "nipishe. Hapo ni mahali pangu."